Skuna za Dior zilidai sakafu kwanza, mguu baadaye

Kila mwanamke wa Dar anajua jambo moja ambalo sijawahi kuliona limeandikwa popote, kwamba skuna hazivaliwi nyumbani, zinabebwa. Unatoka na kandambili mguuni, skuna ziko kwenye rambo, unapanda bajaji, unashuka getini kwa ukumbi, unamshika mwenzio bega, mguu huu juu mguu ule chini, unabadilisha, kandambili zinaingia kwenye rambo na rambo linasukumwa chini ya kiti, hapo ndo sherehe inaanza. Sasa juzi kati nilikuwa kwenye harusi ya binti wa mama mdogo, mpiga picha akaamua familia nzima itoke bustanini kwa sababu ati taa za ndani hazimpendezi, na nyasi zilikuwa zimemwagiliwa asubuhi. Visigino vyote vikazama. Nasema vyote. Mashangazi wakabaki wamesimama kama miche ya migomba, hakuna anayethubutu kunyanyua mguu maana kiatu kinabaki ardhini, na mmoja wao akavua kabisa, akavishika mkononi, akaniambia, "Mwanangu, hivi si viatu vya kutembelea, hivi ni viatu vya kukalia."

Tulicheka sana, ila hilo neno lilinikaa, kwa sababu wakati huo nilikuwa nasomasoma mambo ya viatu vya Paris vya miaka ya 50, vile ambavyo mbunifu wa viatu Roger Vivier alichora kwa nyumba ya fasheni ya Christian Dior, na nilikuwa naona kuna kitu hakikai sawa kwenye namna watu wanavyovielezea. Karibu kila mtu anaongelea urefu. Kisigino kilipanda kiasi gani, nani alikuwa wa kwanza kukifanya chembamba, mguu ulionekanaje. Yaani wote wanaangalia juu. Mi naona ilitakiwa tuangalie chini. Anasa ya kile kiatu haikuwa kwenye kisigino, ilikuwa kwenye sakafu ambayo kisigino kinahitaji ili kisimame, na ukiisoma historia yake kuanzia chini hivyo mambo mengi yanajipanga yenyewe, hata yale ambayo wataalamu wa fasheni wanayapita haraka.

Ata majina yanasema. Waingereza waliita stileto, neno la Kitaliano la kisu kidogo chembamba cha kuchomea mtu. Wafaransa wakaita sindano. Wote wametazama kiatu. Waswahili tukaita mchuchumio, kutoka kuchuchumia, kile kitendo cha mtoto kusimama kwa ncha za vidole ili afikie sukari kabatini. Sisi tumemtazama mvaaji, tumeona mtu anayejinyoosha afikie kitu kilicho juu yake, na tukiwa wakweli hilo ndo jina lililopiga penyewe kuliko yote matatu.

Turudi nyuma kidogo. Paris wakati wa uvamizi wa Wajerumani, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, ngozi ilikuwa haipatikani, ilichukuliwa kwa ajili ya jeshi, kwahiyo wanawake walitembea na soli za mbao, na wanaosimulia wanasema mji ulikuwa unasikika kwa miguu, ko ko ko barabarani. Kwa watu wa pwani hiyo si ajabu, bibi zetu walivaa mitalawanda kwenda msalani na kuzungukia uani, tunaijua hiyo sauti. Lakini kwa Paris ilikuwa fedheha, mji uliokuwa unaivalisha dunia unatembea kwa vipande vya mbao.

Na kabla ya hapo Italia ilikuwa imeshapata la kwake, na hili linatugusa zaidi maana lilianzia huku kwetu. Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliingia Ethiopia, Shirikisho la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo, na mmoja kati ya waliobanwa alikuwa fundi viatu wa Florence anaitwa Salvatore Ferragamo. Ndani ya kiatu cha kisigino kirefu kuna kipande cha chuma kinachopita katikati ya soli, kinashikilia pale ambapo mguu haugusi chini, kati ya kisigino na unyayo wa mbele. Kile chuma kikiwa kibovu kiatu kinapinda na kuvunjika katikati. Ferragamo alikuwa anapata chuma kibovu, visoli vinakatika, wateja wanalalamika, basi akaamua kuachana na chuma kabisa, akachukua koki ya Sardinia akaijaza pale chini, kisigino na soli vikawa kitu kimoja kizito kama kabari. Ndo hiyo "wedge" unayoiona leo kila duka Kariakoo. Yaani vita ya Ethiopia ipo ndani ya kile kiatu. Na hapo unapata kanuni ambayo itatusaidia mbele huko, kisigino kinafuata chuma. Chuma kikikosekana kiatu kinanenepa, chuma kikirudi kiatu kinakonda.

Kikarudi baada ya vita. Tarehe 12 Februari 1947, Christian Dior akaonyesha mkusanyo wake wa kwanza pale 30 Avenue Montaigne, pesa zikiwa za Marcel Boussac, tajiri wa vitambaa vya pamba, na unajua tajiri wa vitambaa hawezi kuchukia sketi ndefu. Zilikuwa sketi kweli, gauni moja linaweza kula mita zaidi ya 10 za kitambaa, kiuno kimebanwa, nyonga zimejazwa, pindo limeshuka hadi chini ya muundi. Waliokuwepo wanasimulia kwamba modeli walivyokuwa wanageuka zile sketi zilikuwa zinaangusha vyombo vya majivu ya sigara. Sasa pindo likishuka hadi pale, kinachobaki kuonekana kwa mwanamke ni kifundo cha mguu na kiatu basi. Na sketi pana juu ya kiatu kinene inamfanya mtu aonekane kama kengele iliyowekwa mezani. Kiatu ilibidi kikonde, hakukuwa na njia nyingine.

Ila ndani ya saluni ile, kuta nyeupe na kijivu, viti vya dhahabu, zulia chini, ni dunia nyingine na barabarani ni dunia nyingine. Mwaka huohuo 1947 waliwapeleka modeli kupiga picha soko la Rue Lepic, Montmartre, walitaka wapate mandhari ya Paris ya kawaida, wakaipata Paris ya kawaida yenyewe. Wanawake wa pale sokoni waliwavamia, wakawachania nguo. Picha zipo. Watu wanazitumia kuonyesha hasira dhidi ya kitambaa kingi wakati wa njaa na ni kweli, mi naongezea tu kwamba ile ndo siku nguo ya Dior ilipotolewa kwenye sakafu yake ikawekwa kwenye mawe ya sokoni.

Alafu kuna ile picha nyingine ambayo kila mtu ameiona, koti jeupe la kiuno, sketi nyeusi, kofia, kando ya mto Seine, wanaiandika "1947" kila mahali. Si ya 1947. Koti na sketi ndo za 1947, lakini picha ilipigwa na Willy Maywald mwaka 1955, na kama huamini angalia miguuni, kile kiatu chembamba chenye ncha ni kiatu cha miaka ya katikati ya 50, si cha mwaka wa mkate wa foleni. Nguo inaweza kudanganya umri wake, kiatu hakiwezi. Na angalia amesimama juu ya mawe ya ukingoni. Amesimama, hatembei. Mimi ile picha siku hizi naiangalia namsikia shangazi.

Sasa Vivier mwenyewe. Amezaliwa Paris 1907, akasomea uchongaji, na hili si la kupita haraka kwa sababu fundi viatu wa kawaida anaanza na ngozi, mchongaji anaanza na umbo halafu anatafuta litasimamaje. Alifungua karakana yake mwaka 1937 Rue Royale, akachora viatu kwa kampuni mbalimbali, akina Delman wa New York, akina Schiaparelli, vita ikamkuta Marekani na huko kwa muda aligeuka kuwa mtengeneza kofia. Kutoka kichwani akarudi miguuni. Mwaka 1953 akaanza kazi na Dior, wakaenda pamoja miaka 10.

Na mwaka huohuo 1953 ndo akachora viatu vya Malkia Elizabeth vya kutawazwa, tarehe 2 Juni. Huyu ni yuleyule binti ambaye alipanda mtini kule Treetops, Nyeri, Februari 1952 akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia, baba yake amefariki usiku ule. Viatu vilikuwa vya ngozi ya rangi ya dhahabu, visigino vimepambwa vito vyekundu, kampuni ya Rayne ya London ndo ikavitengeneza. Watu wanaishia hapo, dhahabu na vito. Mi kinachonifurahisha ni zulia. Inasimuliwa kwamba zulia la Westminster Abbey lilitandikwa manyoya yake yakiwa yameelekea upande usio, kwahiyo joho zito lenye nakshi za chuma likawa linang'ang'ania chini, malkia mwenyewe akashindwa kuondoka, ikabidi amnong'oneze Askofu Mkuu amsukume kidogo aanze mwendo. Hebu fikiria. Dola lote limekaa pale, wakubwa na masultani, na kinachomshika malkia ni zulia. Viatu vya Vivier vilikuwa sawa, sakafu ndo ilikosewa.

Haya tuje kwenye sindano yenyewe, ambayo inapewa mwaka 1954. Nani aligundua? Vivier wanamtaja, Ferragamo wanamtaja, André Perugia wanamtaja, na kila nyumba ya fasheni ina mwanahistoria wake wa kuitetea. Mi naona hilo ni swali la mashabiki wa mpira. Hakuna mtu mmoja, kulikuwa na tatizo moja ambalo mafundi wengi walikuwa wanaligonga kwa wakati mmoja. Kisigino kwa miaka yote kilikuwa mti. Mti ukiupunguza unafika mahali unapasuka, hasa pale juu ambapo misumari inaingia kutoka kwenye soli, na mtu akikanyaga vibaya kinakatika kama kijiti cha mshikaki. Kwahiyo ukitaka kisigino chembamba kama penseli lazima uti wake wa mgongo uwe chuma. Mwanzo walitoboa mti wakapitisha chuma, baadaye kidogo wakaja na plastiki inayomiminwa ikazunguka chuma moja kwa moja, na hapo mambo yakawa mepesi. Chuma hichohicho alichokosa Ferragamo miaka ya 30. Alipokipata tena alikuwa hana mpinzani, wanawake wa Hollywood walimfuata hadi Florence, na Marilyn Monroe alikuwa mteja wake, kisigino cha sentimita 11.

Nilimuuliza fundi viatu wangu wa Kariakoo, hivi kwenye skuna kazi ngumu ni ipi, nikidhani atasema kisigino. Akasema hapana, kisigino ni msumari tu, kazi ni mahali pa kukiweka. Ukikirudisha nyuma kidogo mtu anaegemea nyuma, ukikisogeza mbele mtu anatembea kama anataka kuanguka, uzito wote lazima ushuke kwenye mstari mmoja. Yaani alinielezea kwa dakika mbili kitu ambacho Vivier alisifiwa nacho maisha yake yote. Vivier alichonga visigino vya kila aina, mwaka 1959 akaleta kimoja kilichopinda kuingia ndani kama kinataka kukimbia chini ya mguu, ukikiangalia unasema hiki hakisimami, na kinasimama, kwa sababu ncha yake imeangukia pale panapotakiwa.

Juu ya hicho kisigino sasa ndo kunakuja yale mambo ya hariri, satini, shanga, nyuzi za dhahabu, manyoya ya ndege. Darizi nyingi zilitoka kwa Rébé, karakana ya René Bégué, wale wale waliokuwa wanadarizi magauni ya Dior. Kitambaa kinadariziwa kikiwa bapa, kimetandazwa, alafu kinakuja kuvutwa juu ya kalibu ya mti yenye umbo la mguu, sasa wewe unayejua kushona fikiria hesabu zake, ua lililo bapa mezani likishavutwa kwenye ncha ya kiatu linageuka, mstari ulionyooka unapinda, na kiatu cha kulia na cha kushoto lazima vitazamane. Shanga moja ikikaa vibaya inakatika siku ya kwanza. Nimezitazama picha zake kwa karibu sana na ninakiri hapa ubishi wangu wote unaisha, ni kazi nzuri ya kutisha, na hakuna jina la hata mmoja kati ya wale wanawake waliokaa na sindano. Ukitafuta "sindano" ya kweli kwenye hadithi hii ni ile ya mkononi mwao.

Jina lililopatikana ni la Vivier, na hilo lenyewe lilikuwa jambo kubwa. Kwenye lebo ya ndani ya kiatu paliandikwa Christian Dior, alafu chini yake kimebuniwa na Roger Vivier. Wabunifu wakubwa wa Paris hawakuwa na kawaida ya kugawana lebo na mtu wa viatu, mtu wa viatu alikuwa mtu wa mlango wa nyuma, kama mpishi kwenye harusi. Wengi wanaichukua hiyo kama heshima ya rafiki kwa rafiki. Inawezekana. Mi naona na biashara pia. Kwa sababu mwaka 1955 Dior alifungua duka kubwa pale pembeni ya Avenue Montaigne, na viatu vya Vivier vikaanza kuuzwa vikiwa tayari, kwa namba, unaingia unajaribu unalipa unaondoka. Gauni la haute couture, kama Wafaransa wanavyoita ule ushonaji wao wa oda, lilikuwa linapimwa mara kadhaa, linaandikwa jina lako, wateja wake duniani kote wachache. Kiatu tayari hakihitaji hayo yote. Manukato yalitangulia tangu 1947, na sasa kiatu kikafuata, ukawa ndo mlango wa uani wa kuingilia kwenye nyumba ile. Hujaweza gauni, umeweza kiatu. Na brandi zote za kifahari leo zinaishi kwa mlango huohuo, mtu hana gauni lao ila ana mkoba, ana miwani, ana manukato, kama vile sisi tunavyokaa kwenye sherehe na kitenge cha kawaida ila kichwani kilemba cha bei.

Sasa ukishafungua mlango wa uani usishangae na majirani wakiingia. Plastiki na chuma ndani yake ni kitu cha kiwandani, mashine inamimina maelfu. Kufika miaka ya mwisho ya 50 stileto ilikuwa imetoka Avenue Montaigne ipo kwa makarani, wauza duka, wasichana wa viwandani Uingereza wanaenda nazo kucheza muziki Jumamosi. Na hapa ndo sakafu inapoanza kupiga kelele.

Hesabu yake ni ya darasa la fizikia. Chukua dada wa kilo 60. Ncha ya stileto ni kama punje ya mhindi, tuseme sentimita moja ya mraba. Pale anapotua kisigino, kwa sekunde ile uzito wake karibu wote unaenda kwenye ile punje, kilo 60 juu ya sentimita moja. Sasa chukua tembo wa tani 4 amesimama kwa miguu yote minne, kila mguu unagusa ardhi kwa sentimita za mraba 1,000 na zaidi, unapata kama kilo moja kwa kila sentimita. Yaani tembo anakanyaga kwa upole mara 60 kuliko huyo dada. Ndo maana sakafu za mbao za kumbi zikajaa vishimo, malinoleamu yakatobolewa, nyumba za makumbusho zikaanza kuwavalisha wageni vikofia vya plastiki kwenye visigino, wenye ndege wakalalamika sakafu za ndege zinabonyea, kumbi za dansi zikaweka matangazo mlangoni.

Na soma matangazo ya aina hiyo kwa makini, hayasemi chochote kuhusu mwanamke anayeshuka kwenye gari la dereva akaingia hotelini. Yeye zulia limemngojea. Vilivyotobolewa vilikuwa vitu vya watu wa kawaida, basi, ofisi, ukumbi wa kanisa. Kiatu kilikuwa kilekile, kimekuja na mguu mwingine kwenye sakafu ambayo haikutandikwa kwa ajili yake. Nakumbuka yule bwana wa ukumbi siku ya harusi alivyokuja mbio, "jamani nyasi zangu!" na mashangazi bado wamezama.

Kuna mtu mmoja aliyeliona hili mapema, na simpendi sana kwa mambo mengine aliyoyafanya wakati wa vita, lakini kwenye viatu alikuwa na akili. Coco Chanel, mbunifu mwingine wa Paris. Alirudi kazini 1954 akiwa na miaka 70, akawa anamsema Dior wazi kwamba anawafunga wanawake, na mwaka 1957 akatoka na kiatu chake cha rangi mbili, kilichotengenezwa na fundi viatu Massaro. Kisigino cha wastani, kinene kidogo, nyuma mkanda tu ili mguu upumue. Mwili wa kiatu rangi ya ngozi ya Kizungu ili mguu uonekane mrefu, ncha ya mbele nyeusi. Kwa nini nyeusi? Inaufanya mguu uonekane mdogo, ndio, lakini pia haionyeshi uchafu na mikwaruzo. Nakuomba urudie hiyo sentensi. Katika Paris yote ya viatu vya hariri na manyoya ya ndege, kuna mtu alikaa akafikiria vumbi. Kile ni kiatu cha mtu anayejua kwamba kesho atakanyaga barabara.

Kuna dada zangu wataniambia hapa kwamba nazungukazunguka, stileto ilikuwa mtego, wanawake walifanya kazi za wanaume wakati wa vita, vita ikaisha wakarudishwa jikoni, wakabanwa kiuno na kuwekewa viatu vya kutoweza kukimbia. Sibishi kwamba kuna kitu hapo. Ila hadithi hiyo inamwona mwanamke mmoja tu, yule wa Dior, ambaye hata kabla ya vita hakuwa anakimbia kwenda popote. Yule karani wa Uingereza aliyenunua stileto ya bei nafuu mwaka 1958 hakurudishwa jikoni, alikuwa anaenda kazini nazo, anapanda basi nazo, mshahara ni wake na kiatu ni chake, na wakubwa wanamwambia anaharibu sakafu. Alikuwa anaichuchumia ile dunia ya Avenue Montaigne na akawa anaitoboa hukohuko. Mi huyo simwonei huruma, namuonea raha.

Na matajiri walifanya nini? Wakashuka. Hapa ndo napata uhakika kwamba urefu haukuwa hoja kamwe, maana kama anasa ingekuwa ni urefu wangeenda juu zaidi. Mwaka 1963 Vivier akaachana na Dior (Dior mwenyewe alishafariki Oktoba 1957, nyumba ilipita kwa kijana wa miaka 21, Yves Saint Laurent, alafu kwa Marc Bohan), akafungua duka lake Rue François 1er, na kisigino chake cha mwaka ule kilikuwa na umbo la koma, hii alama ya uandishi, kilichopinda. Kitu ambacho kiwanda hakiwezi kukiiga wiki ijayo. Mwaka 1965, kwa Saint Laurent na zile nguo zake za mistari ya Mondrian, akatoa kiatu cha kisigino kifupi, cha pembe nne, na bizimu kubwa ya chuma mbele, na Catherine Deneuve akakivaa kwenye filamu mwaka 1967 kikawa kiatu cha kila mama mwenye hela Paris. Kifupi! Yule yule wa sindano. Na upande wa pili mbunifu Courrèges anapandisha wasichana jukwaani na buti nyeupe za bapa. Wafanyakazi walipofika juu wakakuta wenye nyumba wameshateremka. Baada ya hapo kisigino kirefu kilirudi kikiwa kinene, raizoni zile, waulize wazee waliozivaa na bugaluu miaka ya 70 watakuambia zilivyowavunja vifundo vya miguu, lakini hiyo ni ya siku nyingine.

Kama unataka kuviona viatu vya Vivier, sehemu moja nzuri ni Toronto, Kanada, kwenye makumbusho ya viatu ya Bata. Ndio, Bata hawahawa, wa kiwanda cha Limuru, wa viatu vyeusi vya shule ambavyo mzazi anakununulia vikubwa namba mbili ili uvivae hadi vikutoshe. Sonja Bata ndiye aliyekusanya viatu vya dunia nzima, makumbusho yakafunguliwa 1995, na mwaka 2012 waliweka maonyesho mazima ya Vivier. Nikifikiria huwa nacheka, pesa za kiatu kilichotembea vumbi la Afrika na Asia yote ndo zinalinda nyuma ya kioo kiatu ambacho hakikutakiwa kukanyaga vumbi.

Baada ya harusi nilipeleka skuna zangu kwa fundi, visigino vimeloa tope, ngozi imechubuka nyuma. Alikuwa na mafungu mawili chini ya meza. Akaniambia yeye hahitaji kumuona mwenye kiatu. Hiki, akachukua kimoja, ngozi ya kisigino imevunjika kama imetafunwa, mwenye nacho anatembea kwa miguu kutoka kituoni, kisigino kinaingia kwenye mianya ya vitofali. Hiki kimeisha upande mmoja, huyu anasimama sana kazini, benki au dukani. Akainua cha tatu, cheusi, cha brandi fulani ya Ulaya, cha mtumba, soli yake inang'aa bado.

"Hiki hakijawahi kuona lami, dada. Hiki kilikuwa kinakaa kwenye gari."

Nikamuuliza bei. Akasema hicho kimeshachukuliwa, kuna mtu kaweka oda, anataka apunguziwe kisigino kwanza, anapanda daladala ya Mbagala. Akapokea elfu tatu yangu akanipa rambo, nikaondoka na kandambili.